Kwa viongozi wa chama cha wenye ngarawa: turudishieni kipimo

Kwa Mwenyekiti, Katibu na Mshika Fedha wa chama chetu cha wenye ngarawa, vile vyombo vya gogo vya tanga vyenye mbawa za miti pande mbili. Kwa Bwana Diko, msimamizi wa diko letu, pale pwani vinapofikia vyombo vya wavuvi. Nakala kwa Mheshimiwa Sheha.

Assalaam alaykum.

Wazee wangu, naandika hadharani kwa sababu faraghani nimeshabisha hodi. Mwaka jana nilikwenda kwa Mwenyekiti mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na wageni, mara ya pili nikaambiwa amelala. Kwa Katibu nilipokewa vizuri, nikapewa uji, tukaulizana habari za watoto, na nilipokitaja chama akanijibu, "Chama kipo, kimepumzika tu." Huu ni mwaka wa tano kimepumzika. Hata mgonjwa akilala muda huo, watu huitana.

Wasionijua kwa jina watanijua kwa baba. Mimi ni mtoto wa marehemu karani wenu, yule aliyekuwa akiliandika daftari la chama. Alipofariki mwaka 2016 tuligawana vilivyokuwepo: mdogo wangu wa kiume akachukua kiwanja, mimi nikachukua ngarawa, na mjini pazima wakanicheka. Mdogo wangu ndiye nahodha wake, lakini mwenye chombo ni mimi. Naeleza haya mapema kwa sababu kila anapoitwa mwenye ngarawa, macho hunipita yakamwendee yeye. Basi safari hii yasinipite. Ada nilikuwa nikilipa mimi.

Daftari lenyewe ninalo. Ni kaunta buku lenye mgongo mwekundu, kurasa zimevimba kwa chumvi hata halifungiki sawasawa, na ukilifungua linanuka sifa, yale mafuta ya samaki ya kupakia vyombo, maana marehemu hakuwa mtu wa kunawa mikono kwanza ndipo aandike. Kila ngarawa ina mstari wake: namba, jina la mwenyewe, fundi aliyeichonga, mti uliotoa gogo, urefu wa chombo kwa dhiraa, yaani kwa mkono, urefu wa foromali, ule mti wa juu unaoshika tanga, na mwisho alama ya ada. Mwaka 1998 kuna mistari 31. Mwaka wa mwisho alioandika yeye ipo 22. Baada ya hapo mwandiko ni wa mtu mwengine, na safu ya dhiraa imeachwa tupu kuanzia juu hadi chini.

Hiyo safu tupu ndiyo iliyonifanya nikae niandike barua. Nikiuliza chama kilikufa kwa nini, nitaambiwa vijana wamekimbilia mahotelini, au mashine zimekuja, au samaki wamehama. Yote hayo ni kweli kwa kiasi chake. Lakini juzi asubuhi, maji yakiwa yamekauka, nilipita diko nikahesabu ngarawa 17 zimelala kwenye mchanga, na hapo zilizotoka usiku zilikuwa hazijarudi. Vyombo vipo, na wenyewe tupo. Kilichoondoka ni kipimo kimoja cha vyombo vyote, na kilipoondoka, watu hawakuona tena faida ya kukaa pamoja.

Vijana wa leo wanadhani chama kilikuwa cha resi. Resi zilikuwa siku mbili kwa mwaka. Siku zote nyengine chama kilikuwa banda.

Wazee mnalikumbuka, lakini wacha nilieleze kwa ajili ya wasiolikuta. Nyuma ya diko, chini ya mivinje, kulikuwa na banda la makuti lisilo na mlango. Ndani yake, juu ya vigingi, zililazwa foromali tatu, milingoti miwili, miti ya mirengu, ile inayotoka ubavuni, jozi mbili, shikio moja la usukani, na matengo, yale mabao yanayoelea mwishoni mwa mirengu, ambayo fundi alikuwa akiyachonga siku alizokosa kazi. Ukutani zilitundikwa kamba za henza za kupandishia tanga, na pembeni palikaa pipa la deheni la kupaka vyombo. Mtu akivunjikiwa baharini anakuja, anachukua kinachomfaa, karani anaandika, na kesho yake anakwenda kuvua. Alikuwa na mwezi mmoja wa kurudisha kipya. Asiporudisha, jina lake lilisomwa mbele ya watu siku ya kikao, na sikumbuki kama yuko aliyesomwa mara mbili.

Nakumbuka mwezi wa saba mmoja, kusi linavuma usiku na mchana, baba alirudi mrengu wa mbele umekatika upande wa kushoto na tengo linaning'inia kwa kipande cha kamba. Kutoka mwambani mpaka pwani alikuja bila kugeuza tanga hata mara moja, ule upande uliovunjika akiuweka joshini, upande utokako upepo, kwa kuwa angegeuza tu, chombo kingelalia ubavu usio na kitu na kupinduka. Kijana wake alifua maji njia nzima mpaka upo, kile chombo cha kuchotea maji, ukampasua viganja. Mama alipowaona wanashuka alikuwa ameshaanza kuhesabu: kukata mti, kuukausha, kumlipa fundi, wiki mbili bila kitoweo, labda tatu. Alfajiri iliyofuata baba alitoka tena baharini, na mrengu wa banda.

Sasa fikirini lililoliwezesha hilo. Banda lile lilitufaa kwa sababu ngarawa zetu zote zilikuwa za mtindo mmoja na cheo kimoja. Foromali ya mzee huyu ilikaa kwenye mlingoti wa jirani yake, na shikio la yule likaingia nyuma ya chombo cha huyu bila kupigwa randa. Leo chukueni foromali yoyote pale diko muijaribu kwenye ngarawa ya pili yake. Moja ndefu, moja fupi, moja nene kama nguzo ya umeme. Mtu akivunjikiwa sasa anapiga simu mjini kuomba mkopo.

Na kipimo kililindwa na resi. Tulikuwa na resi moja wakati wa kaskazi, karibu na siku ya Mapinduzi, na moja Iddi Pili. Jioni ya kuamkia resi karani alipita pwani na mti wake wa kupimia, nasi watoto nyuma yake. Mti huo niliubeba mimi, na nilijiona mkubwa kuliko nahodha. Alipima chombo kuanzia omo, mbele, mpaka tezi, nyuma, akapima foromali, akaangalia gogo kama halikuongezwa mbao ubavuni, akahesabu mabaharia. Mwaka mmoja foromali ya shemeji yake ilizidi shibiri moja. Shibiri moja tu! Shemeji akacheka, akadhani ni mzaha wa nyumbani. Baba akamwambia, "Ikate au usitweke." Aliikata. Usiku ule alikula kwetu, na wali ulikwisha hajasema neno. Lakini kesho yake alitweka tanga pamoja na wenzake, akawa wa nne, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuleta foromali ndefu, maana kama shemeji hakusamehewa, nani atasamehewa?

Resi yetu ya mwisho nyote mliishuhudia. Ilikuwa kaskazi zuri, upepo wa kutosha bila povu jingi, na pwani imejaa watu mpaka juu ya kuta za mahoteli. Chombo kimoja kilikuja kimepakwa rangi mpya, na kwa mbali kilikuwa ngarawa kabisa. Tulipokikaribia tukaona ni faiba, iliyomiminwa kwenye kalibu ya ngarawa, nyepesi hata watu wawili waliibeba. Tanga lake lilikuwa la kitambaa cha mashua za mchezo, limeshonwa nje ya nchi, na ukubwa wake ulikaribia mara moja na nusu ya matanga yetu ya marduf, kile kitambaa kizito cha pamba, na turubai. Kilifadhiliwa na mwenye biashara ambaye sina haja ya kumtaja, na yeye hana kosa: aliuliza kama inaruhusiwa, akaambiwa inaruhusiwa. Chombo kile kilimaliza, kikatuliwa tanga, mabaharia wake wakanunua madafu wakanywa, ndipo cha pili kikatokea kwenye mkondo.

Wenye ngarawa walipolalamika, Mwenyekiti wetu, kwa heshima zote, ulisimama juu ya jiwe la nanga ukasema, "Bahari haina mwenyewe. Kila mtu aje na chake." Watu wa mahotelini wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na wazee watatu wa daftari la zamani, na nilimwona mmoja wao akilikunja tanga lake polepole, pembe kwa pembe, kama anayekunja nguo za maiti. Mwaka uliofuata wazee hao watatu hawakulipa ada. Mwaka wa pili yake hakukuwa na wa kumlipa.

Sentensi ile ilikuwa nzuri masikioni, lakini haikuwa kweli. Bahari haina mwenyewe, ni sawa. Chama kina wenyewe. Mtu hawezi kuingia uwanjani na timu ya watu kumi na watano kwa hoja kwamba nyasi ni za Mungu.

Wapo watakaosema kupima foromali kwa mti ni mambo ya kizamani. Basi nendeni Msasani, Dar es Salaam, mkaangalie zile mashua ndogo za mtu mmoja ziitwazo Laser. Ilichorwa na Mkanada, Bruce Kirby, ikaanza kuuzwa mwaka 1971, na kuanzia Atlanta 1996 imo kwenye Olimpiki. Urefu wake mita 4.23, na tanga lake la kawaida mita za mraba 7.06. Ya tajiri na ya mwanafunzi zina urefu mmoja. Mtu hawezi kununua ushindi kwa kushona tanga kubwa zaidi; itabidi ajue upepo. Na kwa kuwa zote ni sawa, ukivunja kipande cha Laser popote duniani utapata chengine kinachoingia. Hilo ndilo banda letu la makuti, ila lao limeenea dunia nzima.

Au tuwatazame jamaa zetu wa Ghuba, ambao wengi wetu tuna ndugu kwao. Mbio za Al Gaffal, kutoka kisiwa cha Sir Bu Nair hadi Dubai, zilianza mwaka 1991, na vyombo vinavyoshindana ni majahazi ya kienyeji ya futi 60. Wale watu wana fedha za kununua chombo chochote kinachoelea, na bado wamesema hapana, ni jahazi la namna hii na cheo hiki. Sisi ambao hatuna fedha ndio tumesema kila mtu aje na chake.

Nisieleweke vibaya kuhusu faiba. Kwa kuvua, faiba ina raha yake. Haili mwembe wa mtu, haitaki deheni kila bamvua, haina mdudu wa kuitoboa. Serikali ilipotoa boti za faiba kwa vikundi vya wavuvi, mdogo wangu alijiunga na kikundi, na siku ambazo anatoka na boti ya kikundi mimi hulala usingizi mzuri zaidi. Zifanyiwe resi zake, nitakuwa wa kwanza kwenda kuzipigia vigelegele. Ninachokataa ni kuiita ngarawa, kuitweka tanga la ulaya, kisha kuishindanisha na gogo lililochongwa kwa tezo.

Sasa nifike kwenye banda, na hapa naomba mnisikilize kwa subira. Banda la makuti halipo. Mahali pake pana kibanda cha mbao cha mpangaji anayekodisha vifaa vya michezo ya bahari. Mpangaji ni mtu mwema, ananisalimia kila siku. Ameniambia mwenyewe kuwa analipa kodi, na analipa kwa wakati. Sisemi fedha zimeliwa. Kusema hivyo bila ushahidi ni dhambi, na mimi sina ushahidi. Nasema tu kwamba wanachama hatujasomewa hesabu tangu alipoingia. Mshika Fedha, wewe ulinifundisha hesabu darasa la tano, na ulikuwa ukitupiga kwa kuandika jibu bila kuonesha njia. Nakuomba utuoneshe njia.

Kuna jambo la mafundi pia, ambalo haliwezi kusubiri sana. Kijijini kwetu waliobaki wanaojua kuchonga ngarawa tangu gogo mpaka kushuka majini ni wawili, na mmoja macho yameanza kumtupa. Gogo la mwembe la kutosha chombo kizima siku hizi ni la kutafuta, na likipatikana linataka kibali na fedha za kuliburura. Kwa hiyo kila gogo linalopatikana lichongwe mbele ya vijana, vipimo viandikwe: unene wa ubavu, mahali pa kukaa mirengu, umbali wa tengo kutoka kwenye chombo. Mtepe, kile chombo cha kale cha kushonwa kwa kamba bila msumari, ulitoweka hivi hivi watu wakiangalia. Waliotaka kuuona tena wakalazimika kuunda wa mfano kwa kutazama picha na vielelezo, ukawekwa Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho mjini, nayo Beit al-Ajaib ikaporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Sisi fundi wetu yu hai, anakaa nyumba ya tatu kutoka msikitini, na anapenda kahawa.

Ninayoyaomba, basi, si makubwa. Itisheni kikao. Leteni hesabu za banda, njema au mbaya. Tukae na wale mafundi wawili tuamue upya kipimo cha ngarawa ya chama: gogo moja, bila ubavu wa kuongeza, urefu wa chini na wa juu, foromali isiyozidi kiasi watakachokubali, mabaharia wanne, tanga la marduf au turubai, kwa kuwa turubai tumeshaizoea na si haki kumlazimisha mtu anunue nguo ya bei. Mimi binafsi ningependa foromali isizidi urefu wa chombo, lakini mafundi wakisema nimekosea, nimekosea. Kisha tuiandike na kuisoma mbele ya watu, ili asije mtu akasema hakujua. Zitakazotoshea zitapewa namba. Ambazo hazitoshei zitapewa msimu mmoja zirekebishwe, maana na ya kwangu, nakiri, foromali yake imezidi. Mdogo wangu aliibadilisha mwaka juzi bila kuniuliza.

Kodi ya banda inayokuja, kabla haijaenda popote, inunue miti ya mirengu na mlingoti mmoja. Hata tukikosa jengo, viwekwe uani kwa mtu. Resi tusiharakishie. Tukianza na resi tutagombana, tukianza na mirengu tutaonana kila wiki.

Bwana Diko, wewe nakuomba jambo moja tu: unapoandikisha vyombo, ngarawa za gogo uziandike peke yake, usizichanganye na faiba. Tukijua zipo ngapi tutajua tunahitaji foromali ngapi. Na Mheshimiwa Sheha, kikao kikiitishwa, njoo ukae, hata kama ni kwa nusu saa. Wazee wetu hawa wakikuona hawatoleana maneno ambayo baadaye ni tabu kuyarudisha.

Na nyinyi wenye ngarawa wenzangu mliosusa, nawajua mmoja mmoja kwa namba zenu. Namba 3, ada yako uliilipa mpaka mwezi ule wa resi na hukurejeshewa, ipo imeandikwa. Namba 11, mlingoti uliochukua kabla banda halijavunjwa hujaurudisha, na hilo pia limeandikwa, kwa mwandiko wa marehemu, na kapigia mstari chini yake. Njooni.

Napendekeza Ijumaa baada ya Swala, kwa kuwa wengi hawatoki siku ile, tukutane pale pale chini ya mivinje, mbele ya kibanda cha mpangaji. Nimeshamwomba, amekubali kututolea mabenchi. Nitakuja na daftari. Mti wa kupimia nao upo, umelika kidogo upande mmoja, kwa hiyo tutauhakiki kwa futi kamba kwanza.

Foromali moja ya banda iliokolewa siku ile wanabomoa. Iko uani kwangu, nimeilaza juu ya mawe isifikiwe na mchwa, na kila kabla ya masika huipaka sifa. Kama yuko aliyevunjikiwa wiki hii na hawezi kungoja kikao, aje aichukue. Mlango wa uani haufungwi mpaka Isha. Ila asiondoke bila kuandika jina.

Wabillahi tawfiq.

Mwenye ngarawa namba 14